Kituo cha Kupunga Mkono

Maharage yaliungua jikoni kwa Perpétue, huko Blaine, Minnesota, na hakuna aliyejali. Kaka yake Kalume alikuwa amepiga simu kutoka Uswidi. Mama yao, Ephrasia, aliyepewa makazi katika kijiji cha mbali huko huko, alikuwa apande treni kwenda kwake kwenye ubatizo wa mjukuu. Treni imefika, mama hayumo. Simu yake haipokelewi, na theluji inazidi.

Kituo chenyewe Perpétue alikijua kwa picha tu: kibanda cha mbao, reli moja, na vijiji vilivyotawanyika msituni. Pale treni haisimami mpaka abiria aipungie mkono. Mama aliambiwa, lakini moyo wake haukukubali. Kwao Uvira, Kongo, gari ndilo humtafuta abiria. Utaitwa, utabembelezwa, hata mzigo utanyang'anywa. Mtu mzima na heshima zake arushe mikono mbele za watu? Bila shaka aliketi kibandani, mkoba mapajani, akingoja kuitwa, na treni ikampita. Perpétue akamkasirikia Kalume, akaikasirikia Uswidi nzima. Tangu mwanzo alisema mama aletwe Minnesota, asitupwe porini kwa watu wasiojuana.

"Batu ba vijiji vyote banamutafuta," Kalume alimwambia. "Beko msituni sasa hivi."

Hakuamini kwamba watu wasiomjua mama wangeingia msituni kumtafuta. Alikaa kitini, akimwomba Mungu kwa majina yote aliyoyajua.

Simu ikalia tena. Mama amepatikana. Alikuwa ameanza kutembea kuifuata reli, akapotea njia. Kikongwe mmoja wa kijiji jirani akamkuta, akamwingiza kwake, akamvua viatu vilivyolowa.

"Niliwasikia wakiniita," mama alisema kwa sauti dhaifu kupitia simu ya kikongwe. "Jina langu liliwashinda kulitamka, lakini waliita tu, hawakuchoka."

Perpétue akaomba apewe huyo kikongwe. Akaiweka simu sakafuni, akapiga magoti mbele yake, analia.

Binti yake Merveille, ambaye kila akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza, alimkumbusha kwa Kiingereza kwamba kwenye simu ile hawaonekani. Perpétue hakuinuka. Basi binti akaiokota simu, akamweleza kikongwe yule kwamba mama yake amepiga magoti. Sauti ya upande wa pili ikajibu polepole, kwa Kiingereza.

Merveille akachuchumaa.

"Maman," alisema kwa Kiswahili, akiyatafuta maneno. "Anasema na yeye amepiga magoti, anamsugua. Miguu ya bibi bado haijapata joto."