Sakafu Inayotoa Asali

Kifuniko cha dele la kahawa kililia ti-ti-ti gizani, kabla ya alfajiri. Nikaiepua, nikaimimina kwenye chupa ya safari. Leo tunakwenda Al Qabil!

Babu Marhoun, aliyenilea Unguja, alikuwa akituhadithia kwamba kwenye ngome ya kwao, Al Qabil, kuna chumba ambacho sakafu yake hutoa asali ya tende. Mtaa mzima ukimcheka. Nami nikamhadithia mwanangu Wadha, naye akahadithia shuleni huku Ibra, tulikohamia. Wenziwe wakamwita muongo; hata bibi yake akacheka. Tangu siku hiyo, ukimtajia babu, anafumba mdomo.

Babu aliniachia barua ya Kiarabu, nami sijui kuisoma. Miaka yote niliihifadhi kama hirizi, mpaka darasa la jioni liliponifungua macho: "Ukiingia langoni, kushoto, ngazi tatu chini."

Amur, mume wangu, alisimamisha pikapu mbele ya magofu ya ngome. Mamake, Bi Mahfoudha, akashuka kashika kiuno.

"Haya msomi wetu, asali iko wapi? Mie n'mekuja na mkate wangu."

"Subiri, mama, utauchovya."

"Vumbini!"

Kuta za udongo zimemeguka, mnara umebaki kama jino. Nikalipania buibui, nikaingia mbio, Wadha nyuma yangu. Kushoto. Ngazi moja, mbili, ya tatu imefukiwa. Chumba kidogo, dari hakina. Na chini? Mchanga mtupu.

Wadha akanitazama, kisha akageuza uso.

Nikapiga magoti, nikafukua kwa mikono. Ukatokea mfereji mwembamba wa chokaa. Wa pili. Wa tatu!

"Amur! Njoo!"

Wote wakaja, tukafukua pamoja. Mifereji ilishuka sambamba mpaka kwenye shimo, na ndani ya shimo kipande cha mtungi, cheusi kwa utando wa asali ya zamani.

Amur akacheka kwa sauti. "Wakirundika magunia ya tende humu mpaka darini! Ya juu yanayakandamiza ya chini, asali inatoka, inateremka mpaka mtungini."

Bi Mahfoudha akaketi kwenye ngazi, mkate mkononi. "Allah! Na sie tulivyomcheka mzee wa watu. Wadha, njoo mjukuu wangu, n'samehe na mie."

Wadha hakwenda. Alipitisha kidole mferejini, juu mpaka chini, polepole. Kisha akasimama wima katikati ya sakafu, mchanga magotini.

"Mimi sikusema uongo."