Wino Uliobaki

"Apana ile!" Émérance alisema, akarudisha mkono kutoka kwenye chupa ya wino mwekundu kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Karani, nitolee ile ya buluu."

Karani Hyacinthe aliinua chupa ya buluu, akaigeuza kichwa chini miguu juu. Hakikutoka kitu. Akaiweka tena mezani kwa adabu, maana hata chupa tupu ilikuwa mali katika mwaka ule wa sitini na nne.

"Mama Placide, ya buluu haiko tena. Bamebeba yote."

Waliobeba walikuwa waasi. Wiki mbili nyuma katibu wao alikuja pale barazani Kimanga na mfuko, akasema mapinduzi yana haja ya wino wa kuandikia vibali. Akatia mfukoni kila chupa yenye wino, buluu, nyeusi, zambarau na kijani, akaacha zilizo tupu. Alipofika kwenye nyekundu aliishika, akaitazama, akairudisha polepole. "Hii bakia nayo, mzee," alisema. Naye alikuwa mtoto wa Uvira, alijua mambo ya wino.

Nani hakujua? Miaka kumi na mitano Hyacinthe alikuwa akiwaandikia watu barua kwenye meza ile yenye mguu mmoja wa kubandika, na mji mzima, hata wasiojua alifu, ulisoma rangi zake. Buluu ni salamu na habari za nyumbani. Zambarau ni barua ya kwenda ofisini, maana ndio wino wa shule ya mapadri na mkubwa akiiona hukumbuka fimbo za mwalimu wake, akajibu upesi. Nyeusi ni mapatano ya shamba. Kijani ni mapenzi, na hiyo ina kisa chake. Zamani za Wabelgiji kijani kilikuwa cha bwana mkubwa wa teritwari, mtawala wa wilaya, peke yake, na karani mweusi aliyethubutu kuchovya humo alizabwa kofi. Basi siku ya uhuru, wenzake walipokimbilia pombe, Hyacinthe alikwenda mbio dukani kwa Mgiriki kununua chupa ya kijani, na barua ya kwanza aliyoiandika nayo ilikuwa ya kijana mmoja wa Mulenge aliyekuwa amezimia roho kwa msichana wa pwani ya ziwa. Alicheka peke yake siku ile mpaka kalamu ikadondosha doa.

Na nyekundu ni msiba.

Hiyo ndiyo aliyojivunia kuliko zote, kwa kuwa aliiwekea sheria yeye mwenyewe. Siku moja mwanamke alipewa barua njiani, akamwomba mpita njia amsomee, akasikia kifo cha mumewe amesimama peke yake juani na mzigo kichwani. Akili yake haikurudi sawa tena. Hyacinthe aliumia sana, na tangu hapo akaanza kuandika barua za msiba kwa nyekundu, ndani na juu ya bahasha, akiwaambia watu: ukipewa bahasha nyekundu usiifungue. Ibebe hivyo hivyo mpaka nyumbani kwenu, watu wakae, mkubwa wa nyumba ndiye aifungue, ili mtu asipigwe na habari akiwa peke yake. Watu walilipenda jambo hilo. Padri alilitaja kanisani. Baada ya miaka michache hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa wazo la karani mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Likawa desturi, kama vile limeshuka na mito kutoka milimani.

"Basi tuache," Émérance alisema. Lakini hakuinuka.

Hyacinthe alimfahamu. Alikuwa mjane wa mtaa wa Nyamianda, mguu wake wa kuume umevimba tangu masika, na mwanawe mmoja tu, Placide, alikuwa akipiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya serikali. Waasi walipoingia mjini walikuwa na majina ya watu wa ofisi. Placide alivuka mpaka usiku uleule, akawa sasa analala kwa fundi cherehani mmoja kule Usumbura.

"Iko namna gani?" Hyacinthe aliuliza. "Sema, mama."

"Bamepitisha ngoma tena jana. Banasema batu ya ofisi barudiye, hakuna atakayeguswa. Karani, Gratien, mwenzake wa mu ofisi, alirudi juzi. Weye ulimuona Gratien tena?"

Hakuna aliyemwona Gratien tena.

"Placide alinitumia neno, ati akisikia mambo imetulia, atakuya kuniona. Namufahamu ule mutoto. Atasikia ile ngoma, atakuya. Unaandika asikuye. Asikuye kabisa."

"Kwa nini usimutume Georgette na mudomo tu? Si kesho anavuka na ndagala zake?"

"Mudomo!" Émérance alimtazama kama mjinga. "Neno la mudomo hata bale banaomutafuta banaweza kulituma. Lakini muandiko yako anaujua. Akiona muandiko yako ataamini."

Hapo ndipo Hyacinthe alipopata ile furaha ndogo ya fundi anayeambiwa kuwa kazi yake haina mfano. Akavuta karatasi, akapiga mistari kwa kalamu ya risasi iliyokaa sikuzote nyuma ya sikio lake, akafungua chupa ya nyekundu.

"Na rangi?" Émérance aliuliza.

"Mambo ya rangi uniachie minye. Mustari wa kwanza kabisa namuelezea."

Akauandika mstari huo, akamsomea: *Placide, usishtuke kwa rangi hii, hakuna aliyekufa, ni wino tu uliokosekana.* Émérance aliguna, akatulia. Kisha akamwambia yote ya moyoni, naye akayaandika kwa Kiswahili chake kilichonyooka cha misheni. Walipomaliza akakunja, akatia ndani ya bahasha, akagundisha kwa ugali uliolala.

Ikabaki kuandika jina juu ya bahasha. Mkono wake ulikwenda kwenye sikio, ukaigusa ile kalamu ya risasi, ukakaa hapo kidogo. Lakini barua yenye anwani ya kalamu ya risasi ni barua ya mtoto wa shule, na yeye hakuwahi kutoa kitu kama hicho mezani pake, si zamani za Wabelgiji wala baada yao. Na si ameshaeleza kila kitu ndani? Akachovya. *Bwana Placide, kwa fundi cherehani, Buyenzi, Usumbura.* Herufi zilitoka nzuri. Alipuliza mpaka zikakauka.

Georgette mchuuzi aliichukua asubuhi yake, akaificha kikapuni chini ya ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Alirudi kwenye ile meza baada ya siku mbili. Hakuwa na kikapu. Alisimama kwanza, Hyacinthe akamwambia ikala kitini, akakataa.

"Ile siku sikumukuta," alisema. "Niliacha barua kwa fundi, nikaondoka. Karani, barua yako ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa inasema asikuye."

Georgette alishika kichwa kwa mikono miwili. Maneno yakamtoka haraka haraka, bila kumtazama. Jana alipita tena kwa fundi, naye akamweleza: Placide alirudi jioni, akaona bahasha mezani, akaona rangi, akaketi chini sakafuni. Fundi alimwambia fungua. Alikataa. "Kwetu hii haifunguliwi na mutu peke yake. Itafunguliwa nyumbani." Akalia usiku kucha akimwita mama yake. Kulipokucha akavaa shati safi, akashika njia.

"Kwenye bariyeri ya mupaka, pale Kavimvira, bamama ya samaki bote bamemuona," Georgette alisema. "Alibaambia naenda kuzika mama yangu. Bakamupekua. Bakatoa bahasha. Bile bijana ya baasi, Karani, bilipoona nyekundu bilitoa kofia. Mumoja akamuambia pole. Bakamurudishia bahasha mu mufuko, hawakuifungua. Kisha bakaangalia karatasi yao ya majina, bakamukuta mule."

Hyacinthe alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe, miaka mingi nyuma, ikiwaambia watu barazani: usiifungue. Jinsi walivyomtii! Hata wauaji walimtii. Maelezo yake mazuri aliyaweka ndani, mahali ambapo sheria yake mwenyewe ilimkataza kijana yule kutia mkono. Aliichomoa kalamu ya risasi sikioni, akaitazama. Angeandika jina kwa kile kijiti cha senti chache, Placide angekuwa amekaa kwa fundi anashona vifungo. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Yalikuja tu baadaye, alipokuwa anafunga meza, na hapo hayakutaka kukoma.

Wavuvi walikuwa wameshauleta mwili wa Placide nyumbani. Walimzika siku ileile, upesi, kwa watu wachache. Siku ya pili shemeji yake Émérance, mzee Sévère, akaja barazani.

"Mama Placide anakuita," alisema. "Tumekuta barua mu mufuko ya marehemu. Iko nyekundu. Kwetu hakuna anayejua kusoma. Batu bameikala tayari."

Uani kulikuwa na wanawake juu ya mikeka na wanaume kando ya ukuta. Émérance aliketi katikati, ule mguu umenyooshwa mbele. Sévère, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, alipasua bahasha, akatoa karatasi, akampa Karani kwa mikono miwili. Kila kitu kilifanywa kama inavyotakiwa.

Hyacinthe aliifungua. Mstari wa kwanza ulimkodolea macho. Hakuna mwingine pale aliyeweza kuusoma. Angeweza kuuruka, aanzie chini yake, kwenye maneno ya mama, na angebaki Karani yuleyule maisha yake yote. Alivuta pumzi. Alimtazama Émérance, naye Émérance alikuwa anamtazama yeye, si karatasi.

Akasoma.

"Placide, usishtuke kwa rangi hii, hakuna aliyekufa, ni wino tu uliokosekana."

Mwanamke mmoja alianza kuomboleza, akanyamaza kabla hajafika mbali. Watu walielewa mmoja baada ya mwingine. Sévère aliinamisha kichwa. Hyacinthe alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe, apigwe, afukuzwe uani pale mbele ya mji wote, maana kusimama hivi na karatasi mkononi kulimshinda.

"Endelea," Émérance alisema.

"Mwanangu, mimi mama yako ni mzima. Mguu unapungua uvimbe, nakula vizuri, wala usiku siamki tena. Wamepitisha ngoma kuwaita watu wa ofisi. Usije. Hata ukisikia kwamba mambo yametulia, usije. Hata ukisikia kwamba ninaumwa, usije. Siku ya kuja nitakuita mwenyewe. Kaa huko, ule, ulale. Ni mimi mama yako."

Alimaliza. Kuku walikuwa wanaparua majivu jikoni.

"Rudilia fasi ile ya mama yako ni mzima," Émérance alisema.

Akarudia. Sauti ilimkatikia kati, akaanza upya tangu mwanzo wa mstari, ili asiache neno.

"Leta bahasha."

Sévère akampa. Émérance aliilaza juu ya paja, akapapasa herufi ambazo hakujua kuzisoma, moja moja, kutoka upande mmoja hadi mwingine. "Jina lake iko wapi?" aliuliza. Hyacinthe alipiga magoti mkekani, akamwonyesha kwa kidole. Émérance akalamba kidole gumba, akaanza kulisugua lile jina, taratibu, kama anavyofutwa mtoto uji mdomoni. Wino ulilegea, ukasambaa, ukamwingia kwenye mistari ya ngozi. Akalamba tena, akaendelea kusugua.