Nzi wa Kinyozi

Katika karakana ile, mtu akitaja nzi hakuna anayetafuta cha kumfukuzia. Nzi wa pale ni chambo cha kuvulia, hufungwa kwa mkono: ndoano ndogo kuliko ukucha wa mtoto, uzi, unyoya wa shingo ya jogoo, na subira ambayo haiuzwi dukani. Akikamilika huelea juu ya maji kama mdudu aliyetua kupumzika, na trauti, samaki wa mito ya baridi, humwona akadhani amepata riziki. Mafundi humzungumzia kama kiumbe hai. "Huyu kalala upande," husema. "Huyu mkia umemzidi."

Mwenye neno la mwisho juu ya nzi wote wa kuelea alikuwa mkaguzi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye kila mtu alimwita Mama Wembe. Mbele yake walisema Mama, hiyo Wembe wakaimeza. Jina alikuwa amelifanyia kazi. Alikaa mwisho wa meza chini ya dirisha, na nzi aliyekwenda kombo alimpitishia wembe mgongoni mara moja tu, kuanzia kichwa hadi mkia, manyoya yakamwagika, na ndoano tupu ikarudi kwa yule yule aliyemharibu aanze upya. Hakuwa na upendeleo. Au kama alikuwa nao, aliuficha vizuri mno, maana mmoja wa mafundi wake kumi na wawili alikuwa binti yake wa kumzaa.

Binti huyo walimwita Kinyozi. Alimfunga nzi wa kale vile vile alivyofungwa miaka nenda miaka rudi, kisha akachukua mkasi akamnyoa manyoya ya tumboni, ili asisimame juu ya maji kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kulowa, bali alale chini, tumbo likigusa maji. Karakana ilicheka sana: nyumba moja, mama wembe, binti kinyozi, na baba mwenye nyumba bado ana nywele! Mama Wembe hakucheka. Nzi yule alikuwa na vipimo vyake, vimeandikwa kwenye kadi ukutani, na kadi haikusema popote habari za kunyoa.

"Mama, wewe unamwangalia kwa juu," Kinyozi alimwambia siku moja. "Samaki yuko chini."

"Samaki hajawahi kutuletea oda," Mama alimjibu, na meza nzima ikaangua kicheko. Kisha akapitisha wembe.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumatano. Kinyozi alileta sinia la nzi ishirini na wanne, wote wamenyolewa, na mama yake akawakata wote, mmoja mmoja, bila hata kuinua macho. Kinyozi alizikusanya ndoano zake akarudi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo akawa analeta nzi wa kadi tu, hakuna cha kunyoa wala nini. Wiki mbili nzima walinuniana ndani ya nyumba moja, chumvi ikiombwa kupitia kwa baba. Halafu binti akashikwa na homa, homa ikashuka mapafuni, na siku ya kumi na moja akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Hospitalini walizungumza kila kitu, mama na mwana. Walizungumza habari za shuka, za dawa chungu, za mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekoroma mpaka dirisha likatetemeka. Habari za nzi hawakuzigusa. Mama Wembe alijiambia atalitoa lile jambo moyoni binti akishapata nafuu, kwa sababu mgonjwa hasumbuliwi. Aliamini hivyo kweli, na msimlaumu haraka.

Miezi mitano baada ya mazishi, Meneja alikuja mezani na barua mkononi.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga mahali penye utelezi. "Unakumbuka ile siku ulipokwenda kung'oa jino?"

Alikumbuka. Siku hiyo ukaguzi alikuwa amemwachia fundi mwingine, na fundi huyo, kwa huruma au kwa uvivu, alikuwa amewapitisha nzi sita wa Kinyozi ndani ya boksi la nzi wa kawaida. Sasa mteja aliyewapata, mzee mmoja wa mbali aliyestaafu na kuifanya mito kuwa ofisi yake, alikuwa ameandika. Nzi wale walionyolewa, alisema, samaki waliwafuata kuliko wote aliowahi kuwarusha. Alitaka dazeni thelathini. Alitaka kwanza sampuli, itumwe Jumatatu. Ikishindikana, angempeleka mmoja aliyebaki naye, aliyekwisha kutafunwa na samaki, kwa karakana nyingine wajaribu kumwiga.

"Yupo hata mmoja?" Meneja aliuliza.

Mafundi kumi na mmoja waliinamia kazi zao kama wanafunzi wasiotaka kuulizwa swali. Kila mmoja alijua nzi wa Kinyozi walikokwenda. Walikwenda kwenye ndoo ya takataka iliyokuwa miguuni pa Mama Wembe.

"Hayupo," Mama Wembe alisema.

Ulikuwa uongo. Mmoja alikuwapo. Baada ya mazishi, alipokuwa akifua koti la kazi la binti yake, kitu kilimchoma kidoleni. Alipogeuza kola akamkuta nzi chini yake, amechomekwa, mzima, amenyolewa. Alimweka kwenye kisahani ndani ya kabati la vyombo. Yeye na mumewe walipita mbele ya kabati lile kila siku, na hakuna aliyesema neno, lakini kila mmoja alijua kwamba mwenziwe hufungua mlango kidogo akachungulia.

Kwa siku tatu alijaribu kumwiga kwa macho. Asubuhi alimtazama kabatini kwa kioo cha kukuzia, akaenda kazini akafunga wa kwake, akamnyoa kwa mkasi, akamweka kwenye bilauri ya maji. Wa kwanza aliangukia kulia. Wa pili akaangukia kushoto. Wa tatu alitulia vizuri, akampa matumaini, kisha akapinduka miguu juu. Mwanamke aliyefunga nzi kwa miaka thelathini na miwili alikuwa anashindwa na bilauri. Siri haikuwa nje. Ilikuwa ndani, chini ya uzi.

Na kwa fundi wa nzi, njia ya kujua kilichomo ndani ni moja. Unamfungua. Unaurudisha uzi kinyume, raundi kwa raundi, unahesabu, unaandika. Ukimaliza, hesabu unayo. Nzi huna tena.

Jumamosi mchana, jua likiwa limejaa dirishani, alitoa kisahani kabatini akakiweka kwenye meza ya kulia. Kando yake alifunga jiliwa lake dogo, kile chuma kinachobana ndoano isicheze. Mumewe, seremala, alikuwa akipiga randa uani. Alimwona kupitia mlangoni, akaja na vumbi lake la mbao.

"Unataka kufanya nini?"

"Kumfungua."

"Huyo?" Alivuta kiti lakini hakukaa. "Mke wangu, nguo zake tunazo, picha tunazo. Lakini kitu alichokifanya kwa mkono wake ni hicho tu."

"Najua."

"Ukishamfungua hutaweza kumrudisha."

"Najua, baba. Nisipomfungua, baada ya Jumatatu wale wa karakana nyingine watamwiga ovyo, halafu watu waseme nzi yule alikuwa hafai. Mimi nilishasema hivyo. Inatosha mmoja."

Mumewe alikaa, akachomoa penseli ya useremala iliyokuwa nyuma ya sikio, akavuta bahasha kuukuu akaigeuza upande mweupe.

"Haya. Wewe hesabu, mimi naandika."

Alianza na kichwa. Ncha ya sindano ilitafuta mwisho wa uzi, ikaupata. Alipiga moyo konde akavuta.

"Kichwa. Raundi nne."

"Nne," mumewe alirudia.

Raundi nne tu. Wakati mmoja alikuwa amemwambia binti yake mbele ya watu kwamba nzi wake wana vichwa vya njiti za kiberiti. Hiki kilikuwa kidogo kama punje ya mchanga.

"Ni kizuri?" mumewe aliuliza. Yeye hakujua lolote kuhusu nzi.

"Kizuri," Mama Wembe alisema.

Likaja nyoya la jogoo, raundi saba, likalegea na kufunguka taratibu, na lilipolala mezani aliona mahali mkasi ulipopita, unywele kwa unywele, hakuna uliokatwa kwa pupa. Yakaja mabawa. Likaja kiwiliwili, na hapo akatafuta nta, kwa sababu Kinyozi alikuwa mtu wa kupaka nta nyingi na mama yake alishamuuliza kama anafunga nzi au mshumaa. Nta ilikuwepo, kidogo tu.

"Mkia," alisema.

"Raundi ngapi?"

"Subiri." Aliinamisha kioo. Mkia haukuwa umefungwa kwa pamoja kama kadi ilivyosema. Raundi moja ya uzi ilipita katikati yake, ikaugawa, nusu kulia nusu kushoto, kama mtu aliyetanua miguu asianguke. "Ndiyo maana haanguki," alisema polepole. "Nilimwambia nzi wako wanaanguka. Akapata dawa yake."

"Niandike hivyo?"

"Andika: mkia unagawanywa, raundi moja katikati."

Mumewe aliandika kwa herufi zake kubwa za kupimia mbao. Bahasha ilikuwa imejaa mistari sita. Namna ya kumfunga ilikuwa imepatikana, Jumatatu sampuli ingefungwa na kutumwa, na nzi wa Kinyozi angekwenda mtoni kama alivyotaka mwenyewe. Kwenye kitambaa cheupe palikuwa na uzi uliojikunja, nyoya moja, na vipande ambavyo mtu asiyejua angevifuta kwa kiganja.

Ilibaki ndoano. Mama Wembe aliitoa kwenye jiliwa kwa kibano, akainyanyua dirishani aone ukubwa wake, kwa sababu ukubwa nao ulitakiwa uandikwe. Ndoano zao zilipakwa rangi nyeusi kiwandani. Hii mgongoni mwake ilikuwa na mistari myeupe, myembamba, iliyokwenda sambamba kuanzia kichwani hadi mkiani. Aliigeuza kwenye mwanga. Alihesabu. Akahesabu tena.

"Nne," alisema.

"Nne za nini?" Penseli ilikuwa tayari juu ya karatasi.

Aliisogeza ndoano karibu zaidi na macho. Wembe ukipita mgongoni mwa ndoano hukwangua rangi, huacha mstari mmoja. Alikuwa ameiona mistari ya namna hiyo maisha yake yote ya kazi na hajawahi kuona sababu ya kuihesabu.

"Mama," mumewe alisema. "Nne za nini?"

"Za kwangu. Ndoano hii ilikuja kwangu na nzi mara nne, na mara nne nilimkata." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mara ya kwanza nilimwambia kichwa. Akarekebisha kichwa. Nikamwambia nta. Mkia ulikuwa mrefu, akaupunguza. Nikamwambia wanaanguka. Kila nilichomkosoa alikitengeneza, baba, chote. Mimi nilidhani ananishindania. Na huyu wa tano hana kasoro. Nimemfungua mpaka mwisho, nimemtafuta kasoro kwa macho haya, hana hata moja. Huyu ndiye hakuniletea."

Mumewe aliweka penseli chini. Alimtazama mkewe, akaitazama ndoano, na kama mwanamume yeyote anayetafuta la kumfariji mtu alichukua lililokuwa karibu.

"Labda alikuwa anataka kukuletea. Labda alikosa nafasi tu."

Mama Wembe alitikisa kichwa.

"Alikuwa na wiki mbili," alisema. "Na mimi nilikuwa hapa hapa, mezani."