Mkaguzi Jukwaani

Watu walimwita mke Shangazi, na mumewe wakamwita Mjomba, ingawa wenyewe hawakuona kichekesho chochote. Walikuwa wamechukua kiwanda kikuukuu cha sabuni wakakigeuza ukumbi wa michezo ya kuigiza wenye viti arobaini. Wao ndio waliokuwa waigizaji. Binti yao alikata tiketi mlangoni.

Jumamosi moja mchana, onyesho likiwa limeanza, akaingia mkaguzi wa viwanda, kofia ngumu kichwani, faili kwapani. Binti alimweleza kwamba kiwanda kilifungwa zamani. Mkaguzi akajibu kwa upole kwamba hana barua ya kufungwa, na macho yake yanaona watu wako kazini.

Jukwaa lenyewe lilikuwa sakafu tu, kwa hiyo alipiga hatua mbili akawa jikoni mwa mchezo. Shangazi, aliyeigiza mke anayefungasha nguo sandukuni amkimbie mumewe, aliulizwa yuko kazini tangu lini, na kama amepewa glavu. Hakutaka kuharibu onyesho.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Glavu sijaziona. Hata pole sijaisikia."

Mkaguzi akaandika. Kisha akamgeukia Mjomba. "Wewe ndiye msimamizi?"

Mjomba alikuwa hodari wa kukariri, lakini swali hilo halikuwemo kwenye mchezo. Akamtazama mkewe, akaketi juu ya sanduku.

"Ndiyo," akasema. "Na likizo sijawahi kumpa."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mkaguzi, aliyedhani anapigiwa yeye, akainama kidogo, kisha akabandika amri mlangoni: mfanyakazi wa kike apumzike siku kumi na nne kuanzia leo. Binti alipomuuliza kuhusu sabuni, alisema sabuni ni ya idara nyingine.

Mjomba alitaka kuichana karatasi ile. Shangazi aliisoma mara mbili, akabeba lile sanduku la mchezo, akaenda kwa mdogo wake.

Wiki mbili Mjomba aliigiza peke yake, akigombana na kiti kitupu kisha akikiomba msamaha, na watu wakajaa hadi wengine wakasimama ukutani.

Siku ya kumi na tano Shangazi alirudi asubuhi, akamkuta anafagia. Akamwambia kwamba alikuja kumtazama mara tatu, amejitanda khanga hadi puani, na binti yao akamkatia tiketi kama mtu baki.

"Uliigiza vizuri," akasema. "Ila unapoomba msamaha unaharakisha."

Mjomba akauegemeza ufagio ukutani, akaanza kuomba upya, polepole.