Aliyesimama Mbele ya Moto

Siku ya maziko ya mume wangu sikulia. Watu wa kijijini kwetu Mtinko wamelisema hilo mpaka wamechoka. Yohana alikufa kwa homa, siku nne anatetemeka chini ya mablanketi matatu. Wiki tatu baadaye nilirudi studio kwangu Singida mjini, ninakohariri video, maana video ya kwaya yake ilikuwa haijaisha. Ndiyo video pekee niliyonayo ya Yohana, na mama yake alikuwa anakuja Jumamosi kuiona.

Kwaya ilikuwa imeimba mbele ya tanuru la matofali lisilowashwa. Mwalimu wao, Stefano, alitaka moto. "Dada Redempta, tuonekane tunaungua kabisa," alisema, mtu ambaye hata chai anapuliziwa na mkewe.

Moto wenyewe kuuchora kwa kompyuta ni kazi rahisi. Kinachowashinda wengi ni hewa inayotikiswa na joto lake. Tazama lami saa saba mchana, utaona vitu vya mbele vinachezacheza kama viko ndani ya maji. Nilitengeneza tabaka la mawingu yanayopanda, yakawa yanasukuma picha huku na huku, kwa nguvu karibu na moto, kidogo kidogo kule juu. Waimbaji wote kumi nikawaweka nyuma yake. Uso wa Yohana niliufanyia kazi saa mbili nzima na sikusikia kitu moyoni. Nilikuwa napima mtikisiko tu.

Jumamosi mama mkwe wangu, Mama Esta, alifika na kuku aliyefungwa miguu, akamlaza chini ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe."

Nikamwashia video. Yohana alipotokea peke yake, mama aliinuka, akaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso la mwanawe, pale pale kwenye kioo cha kompyuta. Kioo changu hicho hupata moto kikiwaka muda mrefu.

"Bado anachemka," alisema. "Redempta, mbona umemwacha anatetemeka?"

Joto hutikisa kilicho nyuma yake tu, aliye mbele hatikisiki. Hilo nalijua miaka yote, na bado nilimweka nyuma.

Nikamwomba asubiri. Kipande kile ni sekunde nane, yaani picha mia mbili. Nilimkata Yohana picha moja moja, kola, sikio, vidole, nikamtoa nyuma ya moto na kumleta mbele. Kuku aliamka, akalala tena. Stefano atauliza kwa nini Yohana peke yake haungui. Aulize.

Alasiri nikaiwasha upya. Tanuru lilitikisika, wenzake wakatikisika, Yohana akaimba ametulia.

Mama aligusa kioo, akaitikia kwa kichwa. Kisha mkono ule ule akauleta kwenye paji langu.

"Na wewe mbona wa baridi hivi, mwanangu?"

Ndipo nikalia.