Usisukume Bado

Jina la Kiherehere hakupewa na mtu mmoja. Walimpa watu wengi, mahali tofauti, bila kushauriana. Siku ya ndoa yake alijibu "nimekubali" kabla mfungishaji hajamaliza kukohoa, ikabidi swali liulizwe baadaye, kwa ajili ya utaratibu tu. Na wanaomjua vizuri wanaapa kwamba saa ya ukutani sebuleni kwake huenda mbio akiwa ndani, na hurudia mwendo wake wa kawaida akitoka.

Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake yote ya kazi aliwacheka watu wanaobonyeza kitufe kilichokwisha kuwaka. "Lifti si kiziwi," alizoea kuwaambia, mikono imejaa grisi. "Ukishaiita imesikia. Ukibonyeza tena unajikanda kidole tu."

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama katika chumba cha nyuma, mbele ya kompyuta yenye umri wa binti yake, na kidole chenyewe kilikuwa kinamwasha.

Kompyuta hiyo ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na mgongoni ilitoa waya mnene uliokwenda hadi kwenye mashine ya kufumia masweta ya mkewe. Kompyuta ilituma mchoro, kigari cha mashine kikapita juu ya sindano kwenda na kurudi, na sweta likashuka chini mstari kwa mstari. Kwa mashine hiyo mkewe alikuwa amewavisha watoto wa shule nyingi kiasi kwamba, kwa maelezo ya Kiherehere, siku moja ya baridi alipanda mlimani akatazama chini, akaona nchi nzima imevaa kola ya mke wake.

Sasa mashine ilikuwa imekaa kimya tangu mvua zilipoanza. Vidiski vya plastiki vilivyokuwa vinapeleka michoro mipya ndani ya kompyuta vilikuwa vimeota ukungu. Shule ilileta nembo yake mpya kwenye flashi, na kompyuta ile, ukiichomekea flashi, ilikuwa kama umemchomekea ng'ombe. Kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kuitupa mkono zamani. Kompyuta mpya nazo hazikuwa hata na tundu la kupokea ule waya mnene.

"Mama apumzike," binti yao alikuwa amesema kwenye simu. "Nakuja leo baada ya chakula cha mchana na pikapu. Tunabeba mashine na hilo jumba la vumbi, chumba tunakipaka rangi, Mama anapata mahali pa kuweka miguu juu."

Mkewe hakubishana. Alisema neno moja tu, huku akimenya viazi: "Ikifuma mstari mmoja kabla gari halijafika, inabaki. Isipofuma, iende."

Alilisema kama mtu anayezungumzia mbuzi wa jirani. Lakini Kiherehere alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua kwamba maganda ya viazi yakitoka mazito vile, mambo ni mazito.

Tumaini lake lilikuwa kwenye CD moja iliyokuja kwa basi, imefungwa ndani ya soksi. Ilitoka kwa Kundi la Vikongwe, watu waliofahamiana kwa simu tu, kila mmoja na kompyuta yake iliyosahauliwa. Alikuwemo mwokaji mikate, hakimu, mpiga picha za pasipoti na mkunga mstaafu aliyekuwa kichwa chao. Mfumo ambao kampuni iliutelekeza wao waliufungua, wakaushona upya, wakauongezea viraka, na kila baada ya muda walitoa toleo jipya lililoweza kufanya jambo ambalo mashine hizo hazikuwahi kuota. Toleo la safari hii lilijua flashi ni nini.

Kundi lilikuwa na desturi moja. Mtu akiharibu kitu kwa mkono wake mwenyewe, haruhusiwi kunyamaza. Anaeleza mbele ya wote alivyofanya, wanamcheka mpaka wachoke, halafu kosa lake linatengenezewa kinga ndani ya toleo linalofuata, na kinga inapewa jina lake. Kulikuwa na Kinga ya Mwokaji, iliyotungwa baada ya bwana huyo kuchomoa waya katikati ya kazi ili achomeke oveni. Kulikuwa na Kinga ya Hakimu, ambayo hakimu mwenyewe hakupenda itajwe. Kiherehere hakuwa na kinga yake, na aliliona hilo kuwa heshima.

Aliingiza CD. Mashine ikakoroma, ikatema maandishi ya kijani. Maneno yote ya mfumo yalikuwa yameandikwa na mkunga, na ilionekana.

NAANZA, iliandika kompyuta. ITACHUKUA MUDA. PUMUA.

"Napumua," alijibu Kiherehere.

Chini yake ukatokea mstari mtupu, ambao ulipaswa kujaa polepole kutoka kushoto. Ukajaa kidogo, kama upana wa ukucha. Chini ya mstari: USISUKUME BADO.

Alikaa. Akasimama. Akaenda kuangalia barabarani kama pikapu inakuja, na haikuwa hata saa ya chai. Akarudi, mstari ulikuwa palepale. Akafuta vumbi juu ya skrini, akafuta chini ya skrini, akanyoosha waya uliokuwa umenyooka. Akaenda jikoni.

"Vipi?" mkewe aliuliza bila kugeuka.

"Inakwenda."

"Mbona wewe ndiye unayekwenda?"

Akarudi chumbani. Mstari ulikuwa umesonga, au labda yeye ndiye alisogeza kichwa. Akaweka alama kwa kidole kwenye kioo, akasubiri, mstari haukufika kwenye kidole. Mashine ilikuwa imeacha kukoroma. Kimya kile kilimpanda kutoka kwenye nyayo hadi magotini. Lifti ikinyamaza hivyo katikati ya ghorofa, mtu huchukua bisibisi na kupanda juu. Hapa angepanda wapi?

Akabonyeza Enter, kidogo tu, kama mtu anayembonyeza mgonjwa begani kuona kama yu hai.

Hakuna.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, labda ule wa kulia ulikuwa na mkosi. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona, akabonyeza kwa mfululizo, tap tap tap tap, vilevile kabisa kama wale mabwana wenye mikoba aliowacheka maisha yake yote pale mbele ya lifti.

Ndipo kompyuta ilipokoroma tena. Mstari ukaruka hadi mwisho, skrini ikasafishika, na maswali yakaanza kupita. Yalipita mbio, moja likilisukuma jingine, na kila moja lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla hajalisoma. Kompyuta ilikuwa haijazimia. Ilikuwa na kazi mikononi, na kila alipobonyeza iliweka mbonyezo huo pembeni, ili ije iushughulikie ikipata nafasi. Sasa ilikuwa imepata nafasi. Akaona NIFUTE, akaona MICHORO YOTE, akaona YA ZAMANI, na skrini ikawa nyeusi, na katika kona ya juu kikabaki kidoti kimoja cha kijani kinapepesa.

Kiherehere alikaa chini. Kiti hakikuwa nyuma yake, akakaa sakafuni.

Michoro yote ya mkewe ilikuwa humo ndani. Nembo za shule ambazo nyingine zilikwisha kufungwa. Shingo aliyoibuni mwenyewe, ile isiyolegea. Kasweta kenye mistari ka mtoto wao wa kwanza, kabla hata kompyuta haijajua kuandika namba ya saizi ndogo vile. Pikapu ingekuja kubeba chuma kitupu.

Akampigia mkunga.

"Shikamoo, bibie. Kuna jambo limetokea."

"Marahaba, baba. Umebonyeza?"

"Kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Akakificha kidole mfukoni.

"Haya, nisomee kilichopo kwenye kioo."

"Kidoti."

"Kinapepesa?"

"Kinapepesa."

Mkunga akaanza kucheka, taratibu kwanza, kisha kwa kikohozi. "Sikiliza. Mimi mwenyewe nilibonyeza hivyohivyo, toleo la nyuma. Nikafuta picha za watoto wote niliowahi kuwapokea. Nililia siku tatu mume wangu akadhani amefanya jambo. Kwa hiyo nikaweka kinga yangu. Enter tupu, kwa swali lolote, maana yake ni hapana. Ukitaka ndiyo, unaandika neno zima, herufi kwa herufi, ukijua unalofanya."

"Kwa hiyo michoro…"

"Ipo. Imekuuliza nifute, ukasema hapana. Ikakuuliza nianze kazi, ukasema hapana. Ikakuuliza kama una uhakika, ukasema hapana, na hapo ulisema kweli. Basi ikaacha kila kitu ilivyokuwa. Izime, uiwashe, anza upya. Na safari hii mikono uiweke mbali."

"Niiweke wapi?"

"Hilo mwulize mama watoto."

Alikwenda jikoni kumweleza mkewe. Angeweza kunyamaza, maana hakuna kilichopotea, lakini desturi ya Kundi ilikuwa imemwingia. Alieleza yote, na tap tap tap pia. Mkewe alifuta mikono kwenye khanga.

"Hata siku ya ndoa ulijibu kabla ya swali," alisema.

"Na jibu lilikuwa sahihi."

"Lilikuwa sahihi. Twende."

Mkewe akawasha kompyuta yeye mwenyewe. NAANZA, PUMUA. Kisha akafungua kabati, akatoa uzi wa sufu wa buluu uliokuja umezungushwa kama kitanzi kikubwa, akamkalisha mumewe kwenye kigoda, akamwambia anyooshe mikono. Akamvisha kitanzi kwenye viganja viwili, akavuta mwisho wa uzi, akaanza kuzungusha donge.

"Ukishusha mkono, uzi unafungana," alisema. "Ukifungana, utaufungua wewe."

Kiherehere alishika. Pua ilimwasha. Mguu ulicheza peke yake. Mabega yalimwomba ruhusa ya kwenda kuangalia barabarani. Mstari wa kijani ulisonga kwa kiasi cha ukucha, mashine ikanyamaza, na yeye akatamka maneno ambayo mkewe alijifanya hakuyasikia. Donge likakua. Mkono wa kulia ukiinama, uzi unatoka. Mkono wa kushoto ukiinama, uzi unatoka. Kimya kile kikampanda tena hadi magotini, na safari hii kikaishia hapo, kwa kuwa hakikuwa na njia ya kupita.

Pikapu ikapiga honi nje.

Binti yao aliingia akiwa na funguo mkononi, akasimama mlangoni. Aliona skrini ya kijani, akaona mama yake anazungusha, akaona baba yake na mikono imenyooshwa kama aliyekamatwa.

"Mmemfunga?"

"Tumemtuliza," mama yake alisema. "Kaa."

"Mama, dereva ana safari nyingine."

"Mwambie amalize soda yake. Nikifika mwisho wa uzi huu, kama hakuna kitu, beba."

Binti alimtazama mama yake vizuri. Pengine ndipo alipoona jinsi donge lilivyokuwa linazungushwa, taratibu kuliko ulivyohitaji uzi wowote duniani. Alitoka, wakamsikia anazungumza na dereva. Akarudi bila funguo, akakaa juu ya kapu la nyuzi.

Honi ikapigwa tena. Kwenye viganja vya Kiherehere zilibaki nyuzi chache. Alianza kukunja vidole ili zisitoke.

"Acha ujanja," mkewe alisema, lakini naye alikuwa hazungushi tena.

Mashine ikakoroma. Skrini ikasafishika, na swali moja likakaa katikati, likisubiri: MICHORO YA ZAMANI NIMEITUNZA. NIANZE KAZI?

Kiherehere aliruka na mikono yake iliyofungwa. Mkewe akamrudisha kwenye kigoda kwa kumgusa goti. Akasogeza kiti, akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechagua maharage: n, d, i, y, o.

SASA SUKUMA, iliandika kompyuta.

Akachomeka flashi. Nembo mpya ya shule ikatokea kwenye kioo, na kigari cha mashine kikashtuka, kikapita juu ya sindano toka mwisho huu hadi mwisho ule, kikasimama, kikarudi. Chini ukaning'inia mstari mmoja wa buluu, halafu wa pili.

"Mmoja ulitosha," mkewe alisema, na sauti haikuwa ya kuzungumzia mbuzi wa jirani tena.

Dereva, kwa kuwa hakupenda kurudi mtupu, aliondoka na friji iliyokufa. Binti alibaki kula viazi. Alasiri Kiherehere akakiri yote mbele ya Kundi, binti akimshikia simu, na mkunga akatuma ujumbe: Kundi lilikuwa limecheka vya kutosha, na toleo lijalo lingekuwa na Kinga ya Kiherehere. Ukibonyeza mfululizo, mashine itaandika: TAFUTA UZI USHIKE.

Binti alimsomea baba yake ujumbe huo kwa sauti, maana yeye hakuweza kushika simu.

"Wajibu kwamba ni maneno ya uchokozi," alisema. Kisha kwa mkewe: "Mama watoto, mashine inafuma. Nifungue."

Mkewe alikuwa amekwisha kutoa kitanzi cha pili kabatini.

"Nyoosha," alisema. "Bado uzi mwekundu."