Bendera ya Ndoo ya Kudekia

Harufu ilimpata kabla hajainua kifuniko. Mhifadhi wa vitambaa wa makumbusho ya taifa alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, mkojo wa panya aliujua. Ndani ya boksi, bendera ya kwanza ya nchi, ile iliyopandishwa siku ya uhuru, ilikuwa imechanwachanwa ikawa kiota. Mstari wa kijani ulikuwa umeliwa wote. Katikati, vitoto sita vya panya, vyekundu, bila hata unyoya, vilijinyonganyonga juu ya kitambaa kilicholowa. Alikimbilia sinki, akatapika.

Miaka minne alikuwa akiomba kabati la chuma la kuihifadhia. Kabati lilikuja. Mkurugenzi akaliweka ofisini kwake, akapanga humo chupa zake za pombe.

"Sherehe za uhuru ni wiki ijayo," mhifadhi alimwambia. "Tuseme ukweli."

Mkurugenzi hakuacha kutafuna karanga. "Ukweli wa nini, dada? Kitambaa ni kitambaa. Shona kingine, kiloweke kwenye chai ya rangi kizeeke." Kipande cha karanga kilimtoka mdomoni kikatua mezani. Akakiokota, akakirudisha.

"Mimi sishoni uongo."

"Basi kaa pembeni. Wapo wanaoshona."

Fundi mmoja wa sokoni aliimaliza bendera mpya kwa saa moja, kwa nailoni. Mhifadhi aliikuta kwenye korido ya choo, imezamishwa ndani ya ndoo ya kudekia, povu la kahawia likielea juu. Kesho yake ilikuwa ndani ya kasha la kioo, na chini yake maandishi: "Ilishonwa na Kamati ya Uhuru."

Kamati! Kamati haikushika sindano. Aliyeshika ni shangazi yake, yeye na wanawake wengine watatu, kwenye darasa la shule, siku moja tu kabla ya uhuru. Wakubwa walikuwa wakigombania rangi, hawa wanataka kijani, wale hawataki hata kukisikia. Walipochoka kutukanana wakaleta mchoro saa nane mchana, wakasema, "Kina mama, kesho asubuhi iwe juu." Wanne hao walishona mpaka vidole vikatoboka, na wakubwa wakaichukua bila hata ahsante. Mhifadhi aliijua habari hiyo tangu utotoni. Mara tatu aliiandika kwenye kadi ya maelezo, na mara tatu kadi iliondolewa.

Siku ya sherehe alikwenda na shangazi. Mgeni rasmi alisimama mbele ya kioo, akasubiri kamera ziwe tayari, ndipo akajifuta machozi. Shangazi akasogea, akapandisha miwani.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Ndiyo ile ile, bibi," mkurugenzi akajibu.

"Ile ile? Kitambaa cha njano kilituishia, nikakata pazia langu la sebuleni. Kwa nyuma lina maua mekundu. Ya kwako maua yako wapi?"

"Bibi, umri umekwenda, unachanganya mambo."

Hilo "unachanganya" lilimkera mhifadhi kuliko panya wote. Siku ile aliwatoa panya kiotani, lakini mabaki ya bendera hakuyatupa. Alishuka stoo, akarudi na boksi, akalitua mezani mbele ya mgeni rasmi, akafungua. Uvundo ukatawanyika. Kwenye vipande vya njano, maua mekundu yalionekana wazi.

"Bendera yenu hii hapa," alisema.

Mgeni rasmi hakuuliza imefikaje hali ile. Aliziba pua. "Ondoeni uchafu huu, watu wanataka kula."

Kamera zikageuzwa. Dakika tano baadaye walikuwa wakikata keki yenye rangi za taifa, wakilamba krimu vidoleni, mkurugenzi mbele yao wote, ndevu zimechafuka kwa kijani.

Shangazi alimshika mhifadhi mkono. "Twende, mwanangu. Nikikaa hapa nitawatapikia viatu."

Barua ya kusimamishwa kazi ilifika Jumatatu. Mhifadhi aliisoma kwa sauti jikoni kwa shangazi, huku shangazi akimenya viazi. Ilisema amekosa adabu na heshima kwa alama za taifa. Shangazi akaacha kisu, akatema mate nje ya dirisha.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Basi andika. Anza na wale watatu, maana wameshakufa na hakuna atakayewauliza."

Akayataja majina yao, polepole, na ya baba zao. Mhifadhi aliandika nyuma ya barua ile ile.